Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya anga letu

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Mazingira
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania
Makamu Mkuu wa Chuo, Chuo Kikuu cha Dodoma
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Sayansi na Teknolojia

YAH: OMBI LA KITUO CHA KUPIMA GESI ZA ANGANI KWA MWANGA WA JUA, DODOMA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Dodoma, na ninaomba vitu viwili. Cha kwanza ni kifaa: spektrometa ndogo ya infraredi, yaani chombo cha kuchambua mwanga wa jua usioonekana kwa macho, uzito wake kilo 25 hivi, ikae juu ya paa moja la jiji hili na kulitazama jua kila siku ambayo mawingu hayajalifunika. Cha pili ni mtu wa kuiangalia, mwenye ajira ya kudumu, ambaye mshahara na gharama zake zipo kwenye matumizi ya kawaida ya taasisi, si kwenye mradi wa miaka mitatu. Mkiniambia fedha inatosha kimoja tu, anzeni na mtu.

Najua ombi hili limekaa kinyumenyume, kwa kuwa kifaa ndicho kinachokatiwa utepe. Lakini nimefuatilia namna kazi hii inavyofanywa kwenye ncha za dunia, mahali ambapo kuipima hewa ni mateso, na kila nikisoma ninarudi palepale: kilichowapa majibu ni miaka waliyokaa wakipima bila kuacha.

Chukueni Ny-Ålesund, kijiji kilichopo kisiwani Spitsbergen, Norwei, nyuzi 79 kaskazini. Zamani walichimba makaa ya mawe. Mwaka 1962 mgodi ukalipuka na kuua watu 21, uchimbaji ukakoma, na baadaye kijiji kikawa cha watafiti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Alfred Wegener na Chuo Kikuu cha Bremen, zote za Ujerumani, wana mtambo huko wa kuchambua mwanga wa infraredi wa jua. (Kijijini hapo waifai na bluetooth ni marufuku, visije vikavuruga vipimo vingine nyeti. Sijui Dodoma tungeishije.)

Namna mtambo unavyofanya kazi si uchawi. Kioo kinachofuata jua huingiza mwanga ndani ya chumba. Mwanga unagawanywa sehemu mbili. Sehemu moja inarudishwa na kioo kilichotulia, nyingine na kioo kinachosogea, kisha sehemu hizo zinakutanishwa tena. Zikikutana, mawimbi mengine yanatiana nguvu na mengine yanafutana. Mfululizo huo wa kupanda na kushuka ukipitishwa kwenye hesabu ziitwazo za Fourier unatoa spektra nzima, yaani mwanga uliopangwa wimbi kwa wimbi, na ndani yake kuna mapengo membamba, maelfu. Kila pengo ni mahali ambapo gesi fulani njiani imekula wimbi lake. Methani ina mapengo yake, kaboni monoksidi yake, ozoni yake. Wanafunzi wangu huuliza mwingiliano wa mawimbi utawafaa nini baada ya mtihani. Huwajibu kwa habari za Ny-Ålesund.

Kuna zaidi, na mimi ndipo ninapofurahia. Gesi iliyo karibu na ardhi, penye mgandamizo mkubwa, hutoa pengo pana. Iliyo juu hutoa pengo jembamba. Kwa hiyo umbo la pengo moja tu linaeleza kwa kiasi fulani gesi ipo kimo gani, na aliyelisoma hajarusha puto wala kupanda ndege. Kwa njia hii wanapima gesi ambazo ni sehemu chache tu katika bilioni ya hewa, wakiwa wamesimama chini.

Tatizo la Ny-Ålesund ni jua lenyewe. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi kabisa, na huo ndio msimu ambao mambo makubwa ya ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, yanaandaliwa kule juu. Wakaamua kuugeuzia kioo mwezi. Mwanga wa mwezi ni wa jua ulioakisiwa, hafifu mno, unaofaa siku chache tu mwezi unapokaribia kuwa mpevu, tena kama mbingu ni safi. Vipokezi vinapozwa kwa naitrojeni ya kimiminika ili visizidiwe na joto lao wenyewe, na mwanga unakusanywa kidogokidogo kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo walivyopata vipimo vya katikati ya usiku wa miezi mitatu na zaidi. Sisi tuna kiangazi kinachoanza Mei na kwenda hadi Novemba, jua la utosini, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hatujapima hata siku moja.

Nieleze walichokipata, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Klorini iliyotokana na gesi za zamani za majokofu na makopo ya kupulizia ilipanda hadi stratosfera, tabaka la juu la anga lenye ozoni nyingi. Kule juu kwa kawaida hukaa imefungwa ndani ya gesi mbili zisizoigusa ozoni: haidrojeni kloridi na klorini nitrati. Wakati wa baridi ya ncha, halijoto ikishuka kufikia nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, mawingu hutokea hata ndani ya stratosfera iliyo kavu, na juu ya chembe za mawingu hayo gesi hizo mbili zinavunjika. Klorini inafunguliwa. Jua likirejea baada ya usiku mrefu, klorini hiyo inaanza kuitafuna ozoni.

Ukiwa chini na spektrometa yako unaona haidrojeni kloridi ikishuka. Je, imevunjika, au ni hewa tu imehama na kuletwa nyingine? Kwa kipimo kimoja huwezi kujua. Ndiyo maana wanasoma pia haidrojeni floridi kutoka kwenye mwanga uleule. Hii haivunjwi na kemia ya mawingu yale. Hewa ikihama, kloridi na floridi huyumba pamoja. Kloridi ikishuka peke yake, floridi ikabaki, basi ni kemia. Ni hoja fupi kiasi cha kutosha nyuma ya tiketi ya basi, na inatoka kwenye spektra moja.

Sasa twende mbele. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulibana zile gesi za majokofu, na kloridi kwenye stratosfera ikafika kileleni kisha ikaanza kushuka kama ilivyotarajiwa. Halafu kuanzia mwaka 2007 vituo vya kaskazini mwa dunia vikaona inapanda tena, kwa miaka kadhaa mfululizo. Mtu mwenye vipimo vya muda huo tu angepiga yowe kwamba kuna nchi inavunja mkataba kwa siri. Mwaka 2014, kwenye jarida la Nature, watafiti wa vituo hivyo, Ny-Ålesund, Kiruna ya Sweden na Thule ya Greenland vikiwemo, walionyesha kwamba chanzo kilikuwa mzunguko wa hewa. Upande wa kaskazini ulikuwa umepunguza kasi, hewa iliyofika huko ilikuwa imekaa juu muda mrefu zaidi, kwa hiyo gesi zaidi za majokofu ndani yake zilikuwa zimeshavunjika na kuwa kloridi. Mkataba ulikuwa unafanya kazi. Waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na mfululizo wa miaka mingi nyuma ya ule mpando.

Waheshimiwa, mzunguko huo unatuhusu sisi moja kwa moja. Hewa huingia stratosfera ikipandia ukanda wa tropiki, inatambaa juu kuelekea kwenye ncha, na huko inashuka. Mwanasayansi Brewer aliligundua hilo mwaka 1949 kwa kupima unyevu, mwenzake Dobson akaliimarisha mwaka 1956 kwa ozoni. Safari hiyo huchukua miaka, mitano hivi kwa hewa inayofika mbali zaidi. Wanaopima Spitsbergen na Antaktika wanasoma mwisho wa safari ambayo mwanzo wake uko ukanda wetu. Sisemi hewa yote hupandia Chamwino; sehemu kubwa hupandia magharibi mwa Pasifiki. Nasema ukanda mzima wa mwanzo una vituo vichache mno, na katikati ya Tanzania hakuna hata kimoja.

Moshi nao husafiri. Agosti 2017 mapori ya magharibi mwa Kanada yaliungua, na mitambo ya infraredi ya Eureka, Kanada, na Thule, Greenland, ikaona amonia ikipita juu yao, gesi ambayo kwa kawaida haikai hewani hata siku chache. Mtu aliyewahi kusafiri kutoka Manyoni kwenda Singida mwezi wa Septemba na kuona nyika inavyowaka pande zote mbili za barabara atajiuliza ule wa kwetu unaelekea wapi na umebeba nini. Jibu kamili hatunalo.

Huenda mkasema setelaiti zipo. Zipo, na ni nzuri. Lakini setelaiti husoma mwanga ulioakisiwa kutoka ardhini, na vumbi na moshi huipotosha, hasa kiangazi. Ili kuirekebisha lazima kuwepo kifaa chini kinachotazama jua moja kwa moja. Mtandao wa TCCON, wa vituo vya ardhini vinavyopima kaboni kwa mwanga wa jua, ulioanza mwaka 2004 kwa kituo cha Park Falls, Marekani, upo kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 2019 watafiti waliotumia setelaiti mbili, GOSAT ya Japani na OCO-2 ya Marekani, walitangaza kwamba ardhi ya Afrika ya tropiki, hasa upande wake wa kaskazini, inatoa kaboni nyingi kuliko ilivyofikiriwa. Huenda ni kweli. Huenda kuna upotoshaji wa vumbi na moshi ndani yake. Bara letu halikuwa na vifaa vya kutosha ardhini vya kuwaambia ndiyo au hapana, na takwimu ya namna hiyo ikishaingia kwenye meza za mazungumzo ya tabianchi haitoki kirahisi.

Nasi tumeshaingia sokoni. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Niwe mkweli: kifaa ninachokiomba hakiwezi kuthibitisha msitu wa kijiji kimoja. Kinapima nguzo nzima ya hewa kutoka paani hadi juu kabisa, na humo mna pumzi za mikoa kadhaa. Atakayewaambia kwamba kitakagua miradi ya kaboni anawauzia maneno. Kitakachofanya ni kuipa nchi kipimo chake yenyewe cha kaboni dioksidi, methani na kaboni monoksidi juu ya nyanda za kati, ili tukiletewa takwimu za setelaiti kuhusu ng'ombe wetu, mabwawa ya mpunga ya Bahi au mioto ya nyika, tuwe na kitu cha kuweka mezani.

Mkoa huu una kumbukumbu mbaya ya kupanga bila kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa. Walileta matrekta, reli na mamilioni ya pauni, huku kumbukumbu za mvua walizokuwa nazo zikiwa chache na udongo wakiwa hawaujui vizuri. Kiangazi udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua ikaja inavyotaka yenyewe, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wazee wa Kigogo waliokuwepo walijua mvua ya Kongwa ikoje. Haikuwa imeandikwa popote ambapo mpangaji wa London angeisoma.

Narudi kwenye suala la mtu, maana ndilo linaloua vituo.

Kanada si nchi maskini. Maabara yake ya PEARL ipo Eureka, nyuzi 80 kaskazini, na ina mtambo mkubwa wa infraredi tangu 2006. Mwaka 2011 Aktiki ilipoteza ozoni kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana hapo kabla, na PEARL ilikuwepo ikipima. Mwaka uliofuata, 2012, fedha zikakatika. Maabara ikatangaza kwamba haiwezi tena kufanya kazi mwaka mzima. Hakuna chombo kilichoharibika. Mfuko uliokuwa ukiilipia ulifika mwisho wake. Mwaka 2013 serikali ikatoa fedha nyingine na kazi ikarejea. Ikiwa hayo yalitokea huko, mnajua wenyewe hapa yatakuwaje.

Nimewahi kuingia katika taasisi moja, sitaitaja, nikaona kituo kizuri cha hali ya hewa kilichotolewa na wafadhili kimefunikwa turubai. Niliambiwa mradi uliisha. Kifaa kiliingia kwa fungu la maendeleo, na hakuna aliyeomba hata senti ya kukitunza kwenye matumizi ya kawaida. Betri ilipokufa, kituo kikafa nayo.

Kwa upande mwingine kuna Halley, kituo cha Waingereza Antaktika, ambako walipima ozoni kwa chombo cha Dobson, yule yule niliyemtaja, tangu miaka ya 1950. Si cha infraredi, lakini funzo ni lilelile. Kwa miaka mingi vipimo vile havikumshangaza mtu. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakatangaza kwamba ozoni ya kila majira ya kuchipua kule kusini ilikuwa imeporomoka. Setelaiti ilikuwa ikipita juu ya eneo hilohilo, ila namba zake za chini mno zilikuwa zimewekewa alama ya shaka. Kilichowapa jeuri ya kusema ni madaftari ya miaka karibu thelathini yaliyojazwa na watu waliokuwa kazini.

Sasa ya vitendo, kwa haraka. Kifaa ninachokiomba, cha aina ya EM27/SUN, kilichobuniwa Ujerumani kwa ushirikiano na watafiti wa Karlsruhe, hakihitaji naitrojeni. Kimeshatumika Gobabeb, jangwani Namibia, kwa hiyo vumbi si jambo jipya kwake. Vumbi la Dodoma bado litahitaji boksi linalojifunga lenyewe upepo ukizidi, na mtu wa kusafisha vioo kwa utaratibu unaoeleweka, si kwa kitambaa cha shati. Umeme wetu unahitaji betri nzuri na paneli za sola. Siku tukitaka mtambo mkubwa, kama ule uliofungwa Addis Ababa mwaka 2009, tutahitaji naitrojeni ya kimiminika, na hiyo wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe wanaibeba kwenye mitungi hadi vijijini. Waulizeni wao kabla ya kuagiza ng'ambo.

Mahali panafaa kuwa vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma. Upeo ni wazi, wanafunzi wa fizikia na wa kompyuta wapo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ni jirani. Umiliki ungekuwa wa Mamlaka, kwa sababu ndiyo yenye desturi ya kupima kila siku, sikukuu zikiwemo. Chuo kifundishe na kuchambua. Tume isaidie kuingia kwenye mtandao wa COCCON, ambamo vifaa vya namna hii hulinganishwa na kifaa rejea cha Karlsruhe ili namba za Dodoma zisomeke sawa na za kwingineko. Takwimu zitoke wazi kwa wote. Hapo sina subira na hoja ya usiri: hewa yenyewe haina siri, setelaiti za wengine zinaisoma kila zinapopita.

Ombi la mwisho ni la kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na maoteo huandaliwa miezi mingi kabla. Mtu niliyemtaja mwanzoni asiwe peke yake: naomba nafasi mbili za kudumu, mtaalamu mmoja na fundi mmoja, ziombewe kibali cha ajira Utumishi mapema, kabla hata ya kifaa kuagizwa, na gharama za kila mwaka za kituo zipewe kasma yake yenye jina, yaani mstari wake ndani ya bajeti, ili anayetaka kuikata alazimike kuiona. Mtaalamu apelekwe akajifunze kwa wanaofanya kazi hii, arudi, na aanze kumfundisha wa pili kabla hajapandishwa cheo na kuhamishwa.

Kabla ya kuchagua paa, mtu anapaswa kulipanda asubuhi na jioni, Juni na Desemba, kuangalia kama mnara wa simu au jengo jipya linakinga jua. Kazi hiyo haihitaji mkandarasi. Wanafunzi wangu wanaweza kuifanya Jumamosi yoyote mtakayotaja, na ripoti tutaileta kwa mkono hadi Mtumba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma